Hamira Vibete za Glenys Pfitzner

Glenys Pfitzner alifukuzwa kiwanda cha mvinyo kwa sababu ya hamira. Tangi zima la zabibu nyekundu lilikwama katikati: sukari bado imo, hamira zimelala, mvinyo hauendi mbele wala haurudi kuwa maji ya zabibu. Yeye ndiye aliyekuwa akilipima kila asubuhi. Mwenye kiwanda akamwita uani mbele ya wachumaji, akamuuliza hamira zimelala kwa nini. Glenys akasema hajui.

"Basi nenda ukajue," yule bwana akamwambia, na watu wakaangua kicheko, maana Loxton, mji mdogo wa mashamba huku Australia, hakuna sinema. Mtu akiumbuliwa ndiyo sinema.

Wengine wangekwenda kuomba kiwanda cha jirani. Glenys alikuwa na miaka thelathini na mbili, mume alishaondoka na mwanamke anayeuza matrekta, mtoto hakuwa naye. Akalichukua lile neno la kejeli akalifanya amri. Akaja mjini Adelaide kusoma hamira chuo kikuu, darasa moja na watoto waliokuwa wakimsogezea kiti na kumwita mama, na si kwa heshima.

Baba yake, Mervyn, ana machungwa na banda la kufungashia. Ndani ya banda kuna mkanda unaokwenda kutwa. Machungwa yanapita, wanawake wamesimama huku na huku wanatoa yaliyooza, na Mervyn anatembea nyuma yao akiwahesabia makosa. Glenys alianza kusimama pale akiwa mdogo hata ikabidi apandishwe juu ya kreti. Siku anaondoka, Mervyn hakumpa mkono. Alimwambia, "Nafasi yako kwenye mkanda simpi mtu. Utarudi, na utarudi bila kiburi."

Kwa hiyo mtu asije akasema Glenys alipenda elimu. Labda aliipenda, lakini kwanza aliukimbia ule mkanda. Alichokitaka ni udaktari wa chuo kikuu, na nyuma ya udaktari kazi ya kudumu maabara, ili Mervyn afe akiwa ameitunza bure nafasi ile.

Mimi nilikuwa jikoni. Kila maabara ya hamira ina jiko: ninapika mchuzi wa kulishia hamira, ninamimina jeli kwenye visahani, ninaosha chupa, na kile walichochoka nacho ninakitia kwenye jungu la mvuke kife. Mbele ya mwosha chupa watu hawafichi kitu. Wanasema yote, kisha wanauliza kama kuna chai.

Kazi yao nitaieleza kwa haraka. Ndani ya hamira moja kuna uzi mrefu wa maagizo. Kutoka kwenye uzi huo zinatolewa nakala fupi ziitwazo RNA. Nakala nyingine ni maagizo ya kutengeneza protini, sawa. Lakini zipo zisizotengeneza protini yoyote. Zinatolewa, zinaelea kidogo, zinakatwakatwa. Zamani wakubwa walisema hizo ni takataka. Kisha ikaonekana baadhi ya takataka ndizo zinazowasha na kuzima jeni nyingine, na kila profesa akataka kuwa na takataka yake. Glenys alikabidhiwa moja. Na njia ya kujua inafanya nini ni ile ile ya kumjua mama mkwe: mwondoe nyumbani, uone kinachoharibika.

Akaiondoa. Alikata kile kipande cha uzi kwenye hamira, akazimwaga kwenye kisahani, akasubiri. Vidoa vya hamira vikaota. Kimoja kilikuwa kidogo, kibete, kama kichwa cha pini kati ya vifungo vya shati. Glenys alikuja nacho jikoni mbio.

"Tazama! Nimeiondoa na hamira haikui!"

Nikamwambia ni kidogo kweli. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha; wenzake walikuwa wamekwenda kula mkate na soseji uwanjani na hawakumwita.

Kutoka kwenye kile kibete kimoja akazalisha hamira zake zote. Miaka mitatu alizipima, akazipiga picha, akazichora mistari. Mzee wa maabara, Profesa Alistair Trembath, ambaye huku sote tunamwita Alistair tu hata mimi, akaanza kumtaja Glenys kwa wageni. Hapo maabara ikamchukia rasmi.

Aliyemchukia zaidi ni Dougal Hewson. Dougal alishapata udaktari wake zamani, kijana wa Glenelg, ngozi imechomwa na jua la baharini, meno mazuri, mdomo mchafu. Alimwita Glenys "Bibi Machungwa". Kazi ya kudumu iliyokuwa inakuja pale ilikuwa moja, na wao walikuwa wawili. Sina haja ya kueleza zaidi.

Sasa kuna sheria katika kazi hii: ukiondoa kitu na hamira ikaharibika, kirudishe. Ikipona, basi kweli kitu kile ndicho kilichokosekana. Glenys akairudisha RNA yake. Hamira hazikupona. Zilibaki vibete vilevile.

Mtu anayechunguza protini hapo angekubali kwamba amekosea, akaanza upya. Lakini watu wa hizi RNA zisizo na protini wana kisingizio chao peke yao, na ni kisingizio kitamu: wanasema RNA yangu hufanya kazi palepale inapotokea kwenye uzi, ukiirudisha mahali pengine haifai kitu. Mara nyingine ni kweli. Ndiyo ubaya wake.

Alistair mwenyewe ndiye aliyempa kisingizio hicho, amesimama mlangoni kwangu na kikombe mkononi. "Inawezekana inafanya kazi palepale ilipo, Glenys. Hiyo inapendeza zaidi."

Glenys akafurahi. Kushindwa kumegeuzwa ushahidi, nani asifurahi?

Majira ya baridi yale, Dougal akaazima hamira za Glenys. Alisema anataka kuzilinganisha na zake. Alichofanya ni kuzipaka kwenye kisahani chenye glisarini badala ya sukari. Hili nalo nilieleze. Hamira huishi kwa njia mbili: kuchachusha sukari, au kupumua kama sisi. Mara kwa mara moja inazaliwa imepoteza kupumua, yenyewe tu, bila mtu kuigusa. Kwenye sukari itaishi, lakini kibete. Kwenye glisarini, ambako lazima upumue, haioti hata kidogo. Kila mtu wa kazi hii anajua. Ni kitu cha kwanza kuambiwa ukiingia, na cha kwanza kusahauliwa siku umepata ulichokuwa unaombea.

Kisahani cha Dougal kilikuwa na pande mbili. Upande wa hamira za kawaida kulijaa. Upande wa Glenys kulikuwa kweupe kama sahani iliyolambwa.

Basi. RNA haikuhusika. Siku ile ya kwanza Glenys alikiokota kile kibete kwa sababu alikitaka, na kibete kile kilikuwa tu na ugonjwa wake.

Dougal alikwenda na kisahani ofisini kwa Alistair, wakafunga mlango. Yaliyosemwa ndani nilikuja kuyasikia kwa Dougal mwenyewe, maana akishakunywa bia mbili hana siri hata ya mama yake.

"Umemwambia?" Alistair alimuuliza.

"Nimwambie mimi? Wewe ndiye msimamizi wake."

"Hadithi ya mtu haiguswi nje ya kikao. Ndivyo tunavyofanya hapa. Mwenye swali aulize mbele ya watu. Mimi pia nilifanyiwa hivyo, na nilijifunza."

Ni kweli, ndiyo desturi yao. Kila Ijumaa mmoja anasimama na kazi yake, wengine wanakula keki yake na kumkatakata. Wanaita kuua hadithi: bora tuiue sisi kabla haijauawa na maadui. Anayetoka bila machozi anapigiwa makofi. Nimewafutia wengi machozi na taulo la vyombo.

Lakini Ijumaa ya mwisho kabla ya siku kubwa ya Glenys, alipofanya mazoezi mbele yao, hawakumkata. Aliongea mpaka mwisho, wakapiga makofi. Dougal alisema, "Safi sana. Sina swali." Aliila keki vipande viwili. Glenys akatoka uso unang'aa, akanikumbatia na mikono yangu ina sabuni. Wale watu walikuwa hawajawahi kumwacha mtu apite hivihivi, na yeye hakujiuliza kwa nini leo. Alidhani hatimaye wamempenda.

Siku kubwa ni hotuba ya kumaliza masomo. Mlango unakuwa wazi, mtu yeyote anaingia, na jamaa hualikwa. Mervyn alikuja na suti ya kanisani, jua la Februari linachoma, akiwa na mfuko wa machungwa na keki ya Kijerumani yenye makombo ya sukari juu, ile wanayooka kwa mazishi na harusi bila kubagua. Akaketi mstari wa mbele, miguu ameitanua kama yuko bandani. Mimi nilikuwa nyuma na birika za chai.

Glenys aliongea vizuri. Siwezi kumnyima hilo. Alipomaliza, Mervyn aligeuka akatazama watu waliopiga makofi, kama anayetaka kujua nani amewalipa.

Kisha Dougal akanyoosha mkono.

"Asante, Glenys. Swali dogo tu. Hamira hizi umeziotesha kwenye glisarini?"

Niliona wekundu unampanda kutoka shingoni. Alielewa kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana nasema hakuwa mjinga.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hapana, Dougal."

"Mimi nilizijaribu." Akatoa kisahani kwenye mkoba, akakiinua juu kwenye mwanga, akakipitisha mstari kwa mstari kama sahani ya sadaka. "Hazipumui. Ni vibete vya kawaida. Nadhani RNA yako haina hatia."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Kisahani kilimfikia Mervyn. Akakishika kwa vidole viwili, akauliza kwa sauti ya bandani, "Hiki maana yake nini?"

Msichana aliyekaa karibu naye akamwambia polepole, "Maana yake hamira zake zilikuwa na ugonjwa tangu mwanzo, mzee."

"Kwa hiyo ni hamira tena," Mervyn akasema.

Glenys alimtazama Alistair. "Wewe ulisema inafanya kazi palepale ilipo."

"Nilisema inawezekana, Glenys. Sikusema zaidi." Akaangalia saa. "Kuna swali jingine? Hakuna. Chai ipo nyuma."

Walikunywa chai. Walikula keki ya Mervyn, wakaisifu. Dougal alimenya chungwa moja, akamwambia mzee ni tamu kweli, na mzee akajibu, "Hayo ni ya daraja la pili. La kwanza tunauza." Nilidhani angalau atamshika bintiye bega. Alimsogelea, akajipangusa makombo, akasema: "Jumatatu tunaanza zabibu kwa jirani, kisha machungwa. Mkanda uko palepale. Gari naliwasha."

"Siendi, baba."

"Una nini hapa?"

Mervyn akachukua sahani yake ya keki, tupu, akaenda zake.

Wasahihishaji hawakumpa udaktari. Walimpa shahada ya chini yake, kama mtu aliyealikwa nyama akapewa mchuzi. Ile kazi ya kudumu akapata Dougal, pamoja na fedha za miaka mitatu, na alizipata kwa kitu gani? Kwa kuahidi kwamba atatafuta kazi ya kweli ya RNA ileile, sasa kwa usafi, bila vibete. Kwenye maombi yake aliandika kwamba mtu aliyetangulia alifanya uzembe.

Alihitaji fundi wa maabara. Glenys akaenda mlangoni kwake. Jiko langu linatazamana na mlango ule, nami nilikuwa nasugua chupa ambazo zilishatakata.

"Nimesikia unatafuta mtu," Glenys alisema.

"Natafuta mtu anayekumbuka glisarini."

"Nitakumbuka."

"Sikusikii, Bibi Machungwa. Umekuja kutembea au umekuja kuomba?"

"Kuomba."

"Kuomba nini?"

"Naomba kazi, Dougal."

"Ungeanza hapo, bwana. Nilikuwa nimekaa hapa nikidhani umekuja kunipongeza." Akamwacha amesimama huku akimaliza kuandika kitu kwenye simu. "Jumatatu. Na kwanza utaondoa takataka zako kwenye friza langu."

Akaondoa. Masanduku yake yote ya hamira, miaka mitatu ya vibete, aliyaleta kwangu mwenyewe akayapanga kwenye jungu. Nilimuuliza, "Zote?" Akasema, "Funga mfuniko." Nikafunga.

Mimi nilimwona ana wazimu. Nilimwambia hivyo: mwanamke gani anakwenda kumfulia mtu aliyemvua nguo hadharani? Akanijibu, "Dougal anaondoka saa kumi na moja jioni. Baba yangu hafungi kazi." Sikumuuliza tena.

Akaanza upya chini ya Dougal. Aliikata RNA ile safari hii kwa uangalifu wa mtu aliyeungua, akatengeneza hamira nyingi badala ya moja, na kila moja akaipeleka kwenye glisarini kabla hajaigusa kwa lolote. Zote zilipumua. Akaziweka kwenye sukari: vidoa vinene, vikubwa, sawa kabisa na mama yao asiyekatwa kitu. Akaziweka kwenye chumvi. Vinene. Kwenye baridi, kwenye joto, kwenye njaa. Vinene, vinene, vinene. Huwezi kuamini jinsi kitu kinachostawi kinavyoweza kumkondesha mtu.

Kila jioni Dougal alipita. "Kuna kidogo?"

"Hakuna."

"Tafuta vizuri."

"Dougal, nimetafuta."

"Ulivyotafuta mara ya kwanza ulipata," alisema, akacheka mwenyewe.

Nadhani hapo ndipo Glenys alipojiandaa. Mwaka ulipokatika, Ijumaa ya Dougal ikafika. Ni yeye aliyekuwa asimame kuelezea fedha zake zimezaa nini. Alionyesha picha za hamira nono, akaongea maneno mengi ya kuzunguka. Wanafunzi wakala keki yake. Akauliza kama kuna maswali, bila kutaka maswali.

Glenys akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa mlangoni na birika.

"Sina swali, nina jibu. Haifanyi kitu."

"Nini haifanyi kitu?"

"RNA. Nimeiondoa kwa kila namna na hakuna kinachoharibika. Ulipewa miaka mitatu kutafuta kazi yake, na kazi haina, Dougal. Uliahidi kumtafutia bwana harusi maiti."

Wakacheka, na safari hii walimcheka yeye Dougal, wakacheka kwa njaa, maana walikuwa wamemngoja miaka. Meno yake mazuri hayakuonekana. Msichana mmoja alipiga meza. Glenys hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mashavu mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana binti wa Mervyn.

Alistair akasubiri wamalize. Akaweka uma wake chini.

"Haifanyi kitu wapi, Glenys?"

"Popote."

"Popote ulipojaribu. Chumvi, baridi, joto, njaa. Ni sehemu nne. Dunia ya hamira ina sehemu ngapi?" Hakungoja ajibiwe. "Hakuna anayechapisha habari kwamba kitu hakifanyi kitu. Kuna wanaochapisha kwamba bado kinatafutwa. Fedha hizi zimetolewa kuitafuta. Mkiandika leo kwamba hakuna, zinarudishwa kesho. Dougal, wewe una mkopo wa nyumba. Glenys, mshahara wako unatoka kwenye fedha hizohizo. Kwa hiyo nakuuliza tena, taratibu. Una hakika, au hujamaliza kujaribu?"

Watu wote waligeuka kumtazama Glenys. Wale waliokuwa wakicheka walikuwa na vipande vya keki mdomoni na hawakutafuna. Dougal naye alimtazama, na sura yake ilikuwa ya kuomba, ya kuomba kabisa, kama ya Glenys siku ile aliposimama mlangoni kwake. Glenys angeweza kumwangusha pale pale. Ilibidi tu aanguke naye, na chini kulikuwa na mkanda, na nyuma ya mkanda kulikuwa na Mervyn anatembea.

"Sijajaribu siki," Glenys akasema.

"Haya," Alistair akasema, akachukua uma. "Siki."

Dougal akajikohoza. Rangi ilimrudia, na ulimi pia. "Jumatatu asubuhi basi, Bibi Machungwa. Na usichelewe."

Jumatatu nikampikia visahani vya siki. Ijumaa akavileta kuoshwa: vidoa vinene, vikubwa, vyote sawa. Alivipanga kwenye beseni langu kimoja kimoja, akajifuta mikono, akaniagiza vingine, safari hii vyenye shaba.